“NI YEYE, NIMEMWONA KWA MACHO YANGU!” Safari yangu na wakili wa ‘majambazi’, Mbinga hadi Ziwa Nyasa

Msomaji wangu, hivi ukiambiwa “yule pale ndiye wakili wa majambazi” unapata picha gani? Mimi nilikuwa napata picha ya bonge la mtu, suti ya bei mbaya, gari lenye vioo vyeusi na simu tatu mezani. Bwana we, nilichemsha. Nilimkuta stendi ya Songea, kakaa siti ya dirishani kwenye basi la Mbinga, mwembamba kama fimbo ya mwalimu, kapakata kiroba kilichojaa mafaili.

Mimi sikuwa na habari naye. Nilikuwa naenda zangu nyumbani kusalimia wazee. Kondakta ndiye aliyeniinamia sikioni: “Braza, unajua umekaa na nani? Huyo ndiye anayewatoa wezi wetu. Kesi za kuua, ujambazi, utapeli wa mamilioni, zote zake.”

Nikasema hapa hapa, stori imejileta yenyewe. Nikaamkia: “Shikamoo, wakili.” “Marahaba, kijana.” Nikajitambulisha kuwa ni mtu wa magazeti. Akanitazama kama hakimu anavyomtazama mshtakiwa aliyekuja na kandambili mahakamani, kisha akacheka. “Sawa. Ila jina langu usiandike, na kesi za wateja wangu usiulize. Hizo ni siri zao, si zangu. Mengine uliza mpaka uchoke.”

Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita 100, na lami ipo. Nikaona muda ninao wa kutosha.

FOLENI YA TEKSI

Swali la kwanza lilikuwa lile lenu nyote: “Wakili, unalalaje usingizi ukimtetea mtu unayejua kaua?”

“Nani kakwambia najua?” akanirudishia. “Mimi sikuwepo. Wewe hukuwepo. Hata hakimu hakuwepo. Ndiyo maana tunakaa pale tunauliza maswali.”

Akaanza kunipa shule. Kule Uingereza mawakili ni wa aina mbili. Kuna solisita, anayekaa na mteja na kuandaa makaratasi, na kuna barista, anayevaa wigi na kusimama kortini kubishana. (Si yule barista wa kukoroga kahawa kwenye mahoteli ya mjini, ingawa kwa Mbinga ya kahawa jina lingefaa kabisa.) Mabarista wana kanuni yao inayofananishwa na foleni ya teksi: dereva aliye mbele kijiweni hachagui abiria. Kama kesi ni ya fani yako na nafasi unayo, humkatai mteja kwa sababu eti watu wanamchukia.

Huku kwetu Tanzania kazi zote mbili anazifanya mtu mmoja: wakili wa kujitegemea. Anaapishwa na Jaji Mkuu, anaingia Chama cha Mawakili wa Tanganyika kilichoanza mwaka 1954, na siku hiyohiyo anaweza kuandika mkataba wa shamba asubuhi na kumtetea mtuhumiwa wa mauaji mchana. “Lakini aliyezoea jinai,” akasema, “harudi kwenye mikataba. Ni kama mvuvi aliyezoea ziwa, ukimpa jembe anasinzia.”

Kesi za kuua haziamuliwi na hakimu wa wilaya. Mtuhumiwa anafikishwa kwanza kwa hakimu, maelezo ya mashahidi yanasomwa, halafu jalada linapanda Mahakama Kuu. Kwa watu wa Ruvuma hiyo ni Songea. Mtuhumiwa asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya Serikali. Utaratibu huo ulikuwepo kwa sheria ya mwaka 1969, na mwaka 2017 ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria. Nilipomuuliza malipo yake yakoje alicheka mpaka abiria wa mbele akageuka. “Andika hivi: nauli inatoka, na chai inatoka.”

Tulipopita Kitai, kwenye gereza, akanyamaza kidogo. Hakusema kitu. Nami sikuuliza.

MAKARATASI HAYANA DAMU

Nikamvuta kwenye utapeli, maana wasomaji wangu wa mjini ndiyo ugonjwa wenu. Akasema kesi ya kuua inaanza na maiti, kesi ya utapeli inaanza na boksi la makaratasi. Risiti, daftari la mizani, hati za benki, saini tano zinazofanana na moja isiyofanana. Anakaa na kalamu nyekundu usiku kucha akifuata shilingi moja ilikotoka na ilikokwenda.

“Watu wanadhani kila aliyekula hela yako ni tapeli,” akasema. “Hapana. Kudaiwa si jinai. Ukinikopa ukashindwa kulipa, hilo ni deni, nenda kwenye kesi ya madai. Utapeli ni kwamba siku ile unachukua hela yangu, tayari moyoni ulijua unanidanganya.” Kwa Kanuni ya Adhabu, kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu kunaweza kumlisha mtu mvua hadi 7. Na hapo ndipo kazi ya wakili ilipo: kuonyesha moyoni mlikuwa na nini siku ile, kwa kutumia makaratasi ambayo hayana moyo.

Akanipa mfano wa nyumbani kabisa. Mbinga kuna kitu kinaitwa magoma. Kwa wale wa mjini: mkulima ana mibuni kwenye ngolo zake, lakini miezi ya njaa hana hata hela ya sare za shule. Anakuja mjanja na fedha taslimu, ananunua kahawa ikiwa bado mbichi mtini kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, mkulima anavuna jasho lake na kumkabidhi mwenzie. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo, na kuanzia msimu wa 2018 kahawa ikaelekezwa ipite kwenye vyama vya ushirika vya msingi, hizi mnazoziita AMCOS.

“Sasa magoma ni dhuluma, sikatai. Lakini mkulima anayeuza kahawa ileile ya mtini kwa watu watatu, huyo naye ni nani?” Basi zima lilikuwa linasikiliza sasa. Mama mmoja aliyebeba jogoo akadakia: “Huyo ana njaa, mwanangu!” Watu wakaangua kicheko. Wakili naye akacheka, kisha akasema taratibu, “Haya, mama, umeshasema utetezi wake.”

Na utapeli mkubwa? Mnakumbuka DECI mwaka 2009, ile ya kupanda mbegu na kuvuna? Watu walipanga foleni kupeleka hela wenyewe, kwa hiari, wakiimba. Viongozi wake walifikishwa mahakamani Dar es Salaam na mwaka 2013 wakatiwa hatiani. Mnakumbuka EPA, akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu? Januari 2008 nchi iliambiwa kwamba makampuni 22 yalilipwa shilingi bilioni 133 isivyo halali katika mwaka wa fedha 2005/2006. Kesi zake zilikuwa milima ya makaratasi, na kila mshtakiwa alikuwa na wakili kando yake. Ndivyo inavyotakiwa, mwizi wa kuku na wa mabilioni wote wanastahili mtu wa kuuliza, “Hii saini ni ya nani?”

Kitu kinachowanyima usingizi mawakili wa fani hii ni dhamana. Kosa la kutakatisha fedha lilipoingizwa kwenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana, mtu alikuwa anaweza kusota mahabusu miaka kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho cha kunyima dhamana kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Tayari mwaka 2019 ulikuwa umeingia utaratibu wa kukiri kwa makubaliano na upande wa mashtaka. “Unafaa,” akasema. “Ila mteja aliyechoka na lupango anaweza kukiri hata mvua ya jana. Kazi yangu ni kumuuliza mara tatu: umefanya, au umechoka?”

KUSHUKA ZIWANI

Mbinga nilipaswa kushuka niende kwetu. Lakini wakili alikuwa anaendelea Mbamba Bay, wilaya ya Nyasa, kuangalia mahali palipotokea jambo fulani. Kesi gani? Hakunambia. Nikampigia mama simu: “Nitachelewa kidogo.” Mama akaguna, mnazijua guno za mama.

Barabara ile inashuka milimani kona kwa kona. Baridi ya Umatengo inabaki juu, joto la ziwa linakupokea chini, masweta yanavuliwa kimojakimoja. Halafu ghafla unaliona Ziwa Nyasa lote, bluu mpaka milima ya Malawi. Hapa si mahali pa kimya kama mnavyodhani: pale Liuli, ambako Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake, ndiko Waingereza walikoipiga mizinga meli ya Wajerumani Agosti 1914, vita kuu ikiwa changa kabisa.

Usiku tulikula ugali na usipa wa kukaanga. Kisha wakili akasema, “Twende ufukweni, nikufundishe kazi.”

Giza lilikuwa totoro. Mbele yetu ziwa lilikuwa linameremeta kama mji: wavuvi wa usipa na taa zao. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Akaniuliza kwa nini leo wavuvi ni wengi. Nikasema sijui. “Kwa sababu hakuna mwezi. Usipa wanaifuata taa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wanapumzika. Sasa akija shahidi akaniambia alimwona mtu vizuri kwa mbalamwezi, na usiku huohuo mitumbwi yote ilikuwa majini, mimi ninalo swali la kumuuliza.”

Nikajua hiyo si ndoto yake tu. Mwaka 1858 kule Illinois, Marekani, wakili mmoja aliyeitwa Abraham Lincoln, kabla hajawa rais, alimtetea kijana aliyeshtakiwa kuua. Shahidi aliapa kuwa aliona kwa mwanga wa mwezi. Lincoln akatoa kalenda ya nyota: saa ile mwezi ulikuwa umeshainama, unakaribia kuzama. Kijana akaachiwa.

Kwetu nako kuna kipimo. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliweka mambo ya kuchunguza kabla ya kumwamini shahidi aliyemtambua mtu katika mazingira magumu. Alimwangalia kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alikuwa anamfahamu kabla? Kila wakili wa jinai nchini anayajua maswali hayo kama anavyojua jina la mama yake.

MTIHANI WANGU

Wakili akawaita vijana wanne waliokuwa wanapanga nyavu. Nilikuwa nimepiga nao soga kama nusu saa wakati tunakula, majina yao nilishayashika. Akawapeleka kando, mmoja akapita mbele yangu haraka, hatua 15 hivi, ameshika tochi iliyowaka kunielekea. Sekunde tatu, nne. Kapotea.

“Nani huyo?”

“Huyu mrefu,” nikasema bila kusita. “Mwenye fulana nyekundu.”

“Una uhakika?”

“Asilimia mia.”

Akamwita. Akaja mfupi, fulana ya kijani. Vijana walicheka mpaka wakakaa mchangani. Mimi nilijaribu kucheka, mdomo ukakataa.

Msomaji wangu, hapa naomba tuelewane. Kwenye safu hii nimezoea kuwaumbua wengine. Leo ni zamu yangu.

Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha tatu, likizo, nyumbani Mbinga. Saa tano usiku nikasikia mlango wa kioski cha jirani unavunjwa. Nikatoka. Nikaona mtu anakimbia, jaketi lenye kofia, mgongo, nusu ya shavu. Sekunde tatu, nne. Nikapiga kelele “Mwizi!” na nikataja jina. Jina la kijana wa mtaa uleule, msela tu asiye na kazi, ambaye sikumpenda kwa sababu zangu za kitoto.

Wakamfuata kwenye chumba chake. Walimkuta amelala. Mtu aliyelala anaonekana anazuga, si ndiyo? Walimpiga kwa fimbo na mawe. Mimi nilikuwepo, na kila aliyeuliza “Una uhakika ni yeye?” nilimjibu, “Nimemwona kwa macho yangu.” Polisi walipofika walimkuta hai, ila jicho la kushoto halikupona tena. Wiki mbili baadaye mali ya kioski ikakamatwa kwa mtu mwingine kabisa, ambaye hakufanana naye hata urefu. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kipigo kile. Mimi nilirudi shule. Yeye alihamia ziwani kwa mjomba wake.

Nilimsimulia wakili yote pale mchangani. Hakunipa pole na hakunilaumu.

“Ulikuwa unasema uongo?” akauliza.

“Hapana. Niliamini kabisa.”

“Basi wewe ndiye ninayemwogopa. Shahidi mwongo namwona toka mbali, anajikanyaga mwenyewe. Shahidi mkweli aliyekosea analia machozi ya kweli, na korti nzima inalia naye.”

Akanikumbusha kitu. Kwa kuua kwa kukusudia, adhabu iliyoandikwa kwa mtu mzima ni moja, kunyongwa hadi kufa. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliitangaza adhabu hiyo kuwa kinyume cha Katiba, na Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikairudisha. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha nayo ikasema kumlazimisha jaji atoe adhabu hiyo bila kumwachia nafasi ya kupima ni kuvunja haki ya kuishi. “Wewe ulikosea mtu akapoteza jicho,” akasema. “Mimi nikizembea maswali, mtu anapoteza shingo. Sasa umeelewa kwa nini napanda basi kuja kutazama giza?”

UKIKAMATWA WEWE JE?

Nilimwomba awaachie wasomaji wangu dondoo, maana siku haziko sawa. Alinipa nne, na akasisitiza niziandike kama zilivyo:

1. Uliza unakamatwa kwa kosa gani. Ni haki yako kuambiwa.

2. Omba kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili kabla ya kutoa maelezo ya onyo.

3. Mahojiano polisi yana muda wake: saa nne za msingi, na yakizidi lazima kuwe na nyongeza iliyotolewa kwa utaratibu. Kumbuka saa uliyoingia.

4. Usisaini kitu ambacho hujasoma au hujasomewa. Ukilazimishwa, mwambie wakili wako mapema kabisa. Hapo ndipo inapozaliwa ile mnayoisikia kwenye habari, “kesi ndogo ndani ya kesi kubwa”, mahakama inaposimama kwanza kuchunguza kama maelezo yalitolewa kwa hiari.

Na la tano nimeongeza mimi: Ibara ya 13 ya Katiba inasema mtu asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike. Haisemi mpaka mtu wa kidato cha tatu apige kelele.

MWALONI

Asubuhi wakili alikwenda kupima njia yake kwa hatua, na daftari mkononi. Mimi nilikwenda mwaloni. Niliuliza mara mbili tu, nikaonyeshwa.

Alikuwa anaanika usipa kwenye chanja. Amejenga mwili. Jicho moja. Nilisimama upande wa kushoto, upande asioona, nikajishtukia, nikahamia kulia.

“Habari za kazi, kaka.”

Hakugeuka. “Sauti hiyo naijua,” akasema. “Hiyo ilisikika mtaa mzima.”

Nilisema niliyokuja kusema. Kwamba nilikosea, kwamba niliona mgongo tu, kwamba sikwenda hata mara moja kumwona hospitali. Maneno yalikuwa mengi njiani, pale yalitoka machache na hayakuwa mazuri. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anageuza samaki.

“Walionipiga walikuwa wengi,” akasema. “Wengine tunakutana, wananisalimia, nawasalimia. Lakini aliyetaja jina alikuwa mmoja. Miaka yote nilikuwa najiuliza, hivi kweli aliona, au alitaka tu?”

Nilimjibu ukweli: sijui. Niliamini nimeona. Inawezekana nilitaka.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira wala kwa msamaha. Akaniuliza kama nanunua usipa au nimekuja kupiga stori tu. Nikanunua sado mbili. Alinipimia sawasawa, bila kuzidisha wala kupunguza, akanirudishia chenji yangu yote.

Jioni kwenye basi la kurudi Mbinga wakili aliusikia mfuko unavyonukia. “Umempata?” “Nimempata.” “Kasemaje?” Nikamwambia hizo ni siri zake, si zangu. Akacheka, akafungua faili lake, akaendelea kusoma.

Mama alinipokea mlangoni akauliza hizi usipa zote za nini. Nikakaa nikamweleza, naye alikuwepo usiku ule wa 2012. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema wiki ijayo twende wote.

Basi msomaji wangu, tukutane toleo lijalo. Na mtaani kwako ukisikia “Mwizi!”, kabla hujaokota jiwe, muulize kwanza anayepiga kelele: umeona uso, au mgongo?